Nilivyotafsiri Kesi ya Ngitili

Siku niliyoitwa kutafsiri barazani kwa mara ya kwanza, mikono yangu ilikuwa na unga wa maandazi mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa na kibanda cha chai pale Kahama, ng'ambo ya barabara, mkabala na baraza la ardhi, na wateja wangu wengi walikuwa watu wa kesi: wanaogombea mipaka, wajane waliofukuzwa mashambani, ndugu wasiosemeshana ambao kila mmoja alitaka kikombe chake kiletwe kwenye benchi la peke yake.

Karani wa baraza alivuka barabara mbio.

"Mama, wewe si Msukuma?"

"Wa Shinyanga kabisa," nikamjibu. "Nikufungie mangapi?"

"Sitaki maandazi. Mkalimani wetu amefiwa, yuko safarini. Kuna bibi amesimama kutoa ushahidi, Kiswahili hajui, na Mwenyekiti amekataa kuahirisha tena. Njoo."

"Mimi nimeishia darasa la saba."

"Nani amekuuliza darasa? Njoo hivyo hivyo."

Nilimwachia jirani yangu muuza matunda sufuria la mafuta, nikajifuta kwa khanga, nikavuka. Dakika chache baadaye nilikuwa nimeshika Biblia, naapa mbele ya watu kwamba nitatafsiri kwa uaminifu, bila kuongeza wala kupunguza. Nilikuwa nimekaa miaka mingi ng'ambo ya jengo lile na sikuwahi kuingia ndani. Kilichonishangaza ni udogo wake. Nilidhani mahali panapoamua ardhi za watu pangekuwa kama kanisa.

Bibi mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu, amevaa katambuga, viatu vya tairi la gari, na kilemba cha kitenge kilichopauka. Nilimwamkia kwa Kisukuma, nikamwita mayu, yaani mama, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Akanitazama toka juu mpaka chini, kisha akasema neno.

"Anasema nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Anauliza mimi ni mtoto wa nani, Mheshimiwa."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka, lakini aliweka kalamu chini. "Basi mjibu, ili tuendelee."

Nikamtajia baba yangu, kijiji chetu na ukoo wa mama yangu. Mayu akaitikia kwa kichwa taratibu, akaridhika. Tukaanza.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mayu na wajane wenzake wawili, katika kijiji kimoja kabla hujafika Masumbwe, walikuwa na ngitili waliyoachiwa na waume zao. Kwetu Usukumani ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe haingii, shoka haliingii, majani yanaachwa yaote na miti inyooke, mpaka kiangazi kikikaza ndipo mifugo inafunguliwa. Baba yangu alikuwa na ya kwake. Nilipokuwa mtoto niliichukulia kama vile mtoto anavyolichukulia paa la nyumba, kitu ambacho kipo tu. Ndani ya ngitili ya akina mayu kulikuwa na kijito cha mchanga, na kwenye mchanga ule wanawake walichimba visima vifupi vilivyowanywesha wao na nusu ya kitongoji.

Kisha dhahabu ikaonekana karibu. Akaja tajiri mmoja na karasha la kusagia mawe, akafungua mwalo, mahali pa kuchenjulia dhahabu kwa maji na dawa, ndani ya ngitili ile ile. Mkononi alikuwa na karatasi yenye muhuri, iliyosainiwa na watu watatu wa kijiji. Miti ikakatwa kuwa matimba, yale magogo ya kuegemeza mashimo ya wachimbaji yasiporomoke. Visima vya chini vikaanza kukauka, na kile kilichobaki na maji kikaanza kunuka.

Akina mayu hawakuwa na wakili. Msaidizi wa kisheria wa kata yao, dada mmoja aliyekuwa akiendesha baiskeli toka kijiji hadi kijiji, ndiye aliyewaandikia madai. Yeye hakuruhusiwa kuwasemea barazani, kwa hiyo alikaa benchi la nyuma huku midomo yake ikienda kimyakimya kama mtu anayesali. Mwenye mwalo alikuwa na wakili, kijana mwenye sauti nzuri na viatu vilivyokataa kushika vumbi la Kahama.

Wakili alisimama kumhoji mayu. Hakufoka. Aliuliza kwa upole.

"Mama, unafahamu mabadiliko ya tabianchi ni nini?"

Nilikwama hapo hapo. Nikageuka nikamwambia mayu kwa Kisukuma: anauliza kama unajua kwamba siku hizi mvua na jua vimeacha tabia zao za zamani.

Mayu akacheka kwa pua. "Huyu mtoto ananiuliza mimi?" Akaanza kueleza, nami nikamfuata sentensi kwa sentensi. Kwamba zamani mvua za kwanza zilikuwa na adabu, zilikuja watu wakiwa wamekwisha kulima. Siku hizi inanyesha siku mbili, mbegu inaota, kisha jua linawaka mpaka mche unaungua, na mtu anapanda tena na tena mpaka ghala linabaki na panya tu. Kwamba siku ikiamua kunyesha inanyesha yote mara moja na kuondoka na udongo. Kwamba mtama ambao mama yake aliupanda kwa kufuata nyota, yeye ameshindwa kuupanda kwa kufuata chochote.

Wakili alimwacha amalize, kisha akageukia meza. "Mheshimiwa, shahidi mwenyewe amekiri. Kilichokausha visima ni ukame. Mteja wangu hakuumba ukame."

Nilitafsiri hayo pia, kama kiapo kilivyonitaka. Nyuma, yule msaidizi wa kisheria alifumba macho.

Mayu alisogeza kilemba, akaongea akinitazama mimi, si wakili.

"Mwambie hivi. Mvua ilipokuwa nyingi, mtu akija kuomba kipande cha ngitili tulimpa, kwa kuwa mwaka unaofuata kitaota kingine. Sasa mvua imekuwa chache. Kwa sababu imekuwa chache, ngitili ndiyo iliyobaki. Anayeichukua sasa hachukui majani." Kisha akasema anachukua *bupanga*, wake mayu na wa wajukuu wake.

Niliyatoa yote kwa Kiswahili mpaka kwenye neno lile nikasimama. Kwetu bupanga ni afya, ukimwuliza mtu hali. Bupanga vile vile ni uhai wenyewe, kile ambacho mtu akikosa anazikwa. Nikichagua afya, ningempunguza. Nikichagua uhai, labda wangesema nimeongeza.

"Mheshimiwa," nikasema, "neno alilotumia kwa Kiswahili ni maneno mawili. Ni afya na ni uhai. Yeye amesema yote kwa pamoja."

Wakili akainuka. "Napinga. Sasa mkalimani ndiye anayetoa ushahidi."

Pembeni ya Mwenyekiti walikaa wazee wawili wa baraza, na mmoja wao, mwenye mvi, akainamia sikio lake akamnong'oneza jambo. Nadhani naye alikuwa Msukuma.

"Mkalimani amefanya kazi yake," Mwenyekiti akasema. "Yaandikwe yote mawili."

Nilirudi kibandani nikakuta maandazi yameungua kwa nje na mabichi ndani. Sikujali hata kidogo.

Mkalimani wa kawaida alikawia kurudi, na Mwenyekiti akaagiza mimi niendelee na kesi ile mpaka mwisho. Hapo ndipo nyumbani kulipoanza maneno. Mume wangu alikuwa anafanya kazi kwenye karasha, si la tajiri yule, la mtu mwingine, upande wa pili wa mji. Dhahabu ndiyo iliyotuezekea bati na kuwavalisha watoto sare. Alirudi mchana mmoja, vumbi la mawe limemkaa kwenye nyusi, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Nasikia unawatafsiria watu wanaotaka kufunga mialo."

"Natafsiri kila anayesema. Wakili wa mwenye mwalo naye natafsiri maneno yake."

"Mwalo mmoja ukifungwa, wa pili unafuata. Halafu sisi tule nini, mama watoto? Tule hukumu?"

Nilimtengea ugali na mlenda. Alikula, akanawa, ndipo akasema, kama mtu anayejisemea, "Lakini mwalo hauwekwi kwenye maji ya watu. Hata sisi tunajua. Bwawa la kuchenjulia linatandikwa turubai gumu chini, ndipo unamwaga. Waangalie kama yule ametandika."

Nilitamani kukimbia na maneno hayo mpaka kwa yule dada wa baiskeli. Lakini nilikuwa nimeapa. Mkalimani ni mdomo wa watu wengine, hana mdomo wake. Nikayameza, na yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki kwa siku zote zilizobaki kabla ya baraza kwenda kuliona eneo kwa macho.

Siku ya kwenda ilikuwa kiangazi chenyewe, kile cha mbuzi kulala chini ya gari. Mwenyekiti, wazee wawili, karani na mimi tulipanda gari la baraza. Tajiri na wakili wake walikuja na la kwao. Kijijini tulikuta akina mayu watatu wamesimama kwenye kivuli cha ukuta, na nyuma yao kitongoji karibu chote.

Mayu alitangulia. Katambuga zake zilipiga ardhi tap tap na sisi tukaachwa nyuma tukihema. Alitupitisha kwenye visiki, akawa anavitaja kimoja kimoja: huu ulikuwa mninga, huu mgunga, huu mkwaju alioupenda marehemu mume wangu. Alivitaja kwa sauti ya mtu anayehesabu watoto waliotoka nyumbani. Tukafika visima vya chini, karibu na mwalo. Viwili vilikuwa mashimo makavu. Cha tatu kilikuwa na maji ya rangi ya majivu, na harufu yake ilikuwa ile ninayoijua kwenye nguo za mume wangu.

"Jua, Mheshimiwa," wakili akasema akijipangusa shingo kwa leso. "Jua hili limekausha mkoa mzima."

Nikamtafsiria mayu. Alinishika mkono, akanivuta, na kwa kuwa nilivutwa mimi, baraza zima likafuata.

Tulipanda kidogo kufuata mchanga wa kijito mpaka sehemu ya juu, ambayo mashoka hayakuwahi kuifikia kabla baraza halijazuia ukataji mpaka kesi iishe. Nilikuwa sijaona ngitili iliyosimama tangu utotoni. Majani yalikuwa marefu na ya rangi ya simba, miti imekaribiana, na chini yake kulikuwa na ubaridi unaoingia mpaka kwenye meno. Mayu aliondoa matawi ya miiba juu ya kisima, akachota kwa kata ya kibuyu, akaiinua. Maji yalikuwa meupe, yakitiririka kwenye mkono wake.

"Mwulize wakili," akaniambia. "Huku jua haliwaki?"

Nilitafsiri nikiwa nimekaza uso kama askari. Kucheka hakukuwa sehemu ya kiapo.

Wakili alifungua mdomo, na wakati huo huo ng'ombe wakatokea. Ilikuwa saa yao ya kunywa. Wakaja wametawanyika, kengele zao zikilia, wakapita katikati yetu bila kujali nani ni Mheshimiwa. Karani akakumbatia jalada lake kifuani. Kabla ya kutufikia walipita visima vya chini, nasi tukiwaona toka juu. Ng'ombe mmoja mweusi alisimama kwenye kile chenye maji ya majivu, akainamisha pua, akapuliza, akaendelea na safari kuja juu kwenye hori walilokuwa wanajaziwa maji na wanawake. Wengine hawakusimama kabisa. Mwenyekiti aliwatazama mpaka wa mwisho, akaandika mistari kadhaa.

Tukishuka, yule mzee wa baraza mwenye mvi akamgeukia mlinzi wa mwalo, akamwuliza kwa Kiswahili, sauti ya kawaida tu, "Baba, hili bwawa lenu chini mmetandika nini?"

Mlinzi akamtazama tajiri. Tajiri akatazama gari lake.

"Udongo, mzee," mlinzi akasema. "Ni udongo tu."

Mwiba ukatoka kooni mwangu bila mimi kusema neno.

Hukumu ilisomwa wiki kadhaa baadaye. Ukumbi haukutosha, watu wakajaa nje kibarazani na kwenye madirisha. Zamani, wazee wanasema, hukumu iliandikwa kwa Kiingereza, na mtu alitoka na karatasi asijue ameshinda au ameshindwa mpaka amtafute wa kumsomea. Sasa sheria inazungumza Kiswahili, na kwa akina mayu ilibaki hatua moja, ambayo ilikuwa kazi yangu. Nilisimama kando yao watatu. Mwenyekiti akasoma kwa vituo, akinipa nafasi.

Alisema ardhi ya watu haigawiwi na watu watatu wenye muhuri; wenye nayo hawakuulizwa, na kijiji hakikuitwa mkutanoni. Nikatafsiri. Alisema kila mtu katika nchi hii ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kwamba haki hiyo haimwulizi mtu kama ni mjane au kama anajua kusoma. Nikatafsiri. Alisema baraza limekubali kwamba tabianchi imebadilika, na kwamba mdaiwa hawezi kujificha nyuma ya mabadiliko hayo, kwa kuwa maji yanapopungua ndipo wajibu wa kutoyaharibu unapozidi. Nikatafsiri, na nikaona mgongo wa mayu ukinyooka.

Kisha akasoma: "Shahidi wa kwanza alieleza, kupitia mkalimani, kwamba anayechukua ngitili wakati wa ukame hachukui majani, bali anachukua afya na uhai. Baraza hili linaona kwamba shahidi ameieleza haki ya kuishi kwa usahihi."

Mimi, wa darasa la saba, maneno niliyoyatafuta nikiwa na unga kwenye viwiko yalikuwa yameandikwa kwenye hukumu. Mwenyekiti alisubiri. Mayu akanigusa kiwiko. "Sema, mwanangu."

Nikasema. Aliposikia bupanga unarudi kwake kutoka kinywani mwa serikali, akaniambia, "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Nikarudia, na safari hii ukumbi mzima ulinyamaza kusikiliza Kisukuma, hata waliokuwa hawakijui.

Amri zikafuata: karasha liondolewe, bwawa lisafishwe chini ya usimamizi wa wataalamu wa mazingira, mashimo yafukiwe, ngitili irudi kwa wenyewe. Sikumaliza kutafsiri ya mwisho. Vigelegele vilianzia kwenye madirisha, vikaingia ndani, na karani aliyepaswa kunyamazisha watu nilimwona akipiga makofi chini ya meza. Wajane watatu walitoka nje wakicheza, mabega yakienda, vumbi likapanda mpaka kwenye kibanda changu. Yule dada msaidizi wa kisheria alikuwa amekaa chini kwenye ngazi, baiskeli yake imeangukia upande, analia na kucheka.

Nyuma ya umati alisimama mume wangu. Sikujua kama amekuja. Alikuwa na nguo za kazi.

"Umesikia?" nikamwuliza.

"Nimesikia," akasema. "Unaongea vizuri."

Wiki iliyofuata walihitajika mafundi wa kulifungua karasha na kulihamishia eneo lililotengwa mbali na maji, na yeye alikuwa mmoja wao. Alikwenda kuling'oa kwa mikono yake. Alirudi akaniambia kwamba huko lilikohamia wametandika turubai, na kwamba alisimama pale mpaka akaliona limetandikwa.

Wakili naye alikuja kibandani siku moja, akaagiza chai ya rangi na chapati. "Shikamoo mama," akaniamkia, kitu ambacho siku ya kwanza hakukifanya.

"Marahaba, baba."

"Ulinishinda kwa neno moja."

"Aliyekushinda ni mayu. Mimi nilivusha tu."

Akacheka kwa moyo. Alikata shauri kutomshauri mteja wake akate rufaa, ndivyo alivyosema, na kweli muda wa rufaa ulipita bila jalada jipya.

Mvua za mwaka ule hazikuwa nzuri. Nisiseme uongo kwamba mbingu zilisikia hukumu. Zilichelewa, zikaja kwa hasira, zikakatika, na watu wengi walipanda mara ya pili. Lakini visiki havikuwa vimekufa. Mizizi ilikuwa hai chini, na ilipopata unyevu kidogo vikachipua vichipukizi vyekundu, vitatu vinne kwenye kila kisiki. Kisima kimoja cha chini kilianza kurudi. Kile cha majivu bado kimezungushiwa miiba na hakuna anayekigusa, na wataalamu wanasema kitahitaji miaka.

Kijiji kikaitisha mkutano mkuu, safari hii wa kweli, kutunga sheria ndogo za ngitili zote. Waliniomba nikasome rasimu kwa Kisukuma, kwa kuwa sasa nina barua yangu ya ukalimani na watu wamenizoea. Nilisoma kifungu kwa kifungu, na kila kifungu wanawake walikuwa na swali. Ilipofika kuchagua kamati, mtu mmoja akasema kamati ni ya wanaume, ndiyo desturi. Hakuna aliyemjibu kwa hasira. Mikono ya wanawake iliinuka tu, yote kwa wakati mmoja, na mwenyekiti wa kijiji alihesabu akachoka, akasema, "Basi, basi, nimeona." Mayu akapita, na mjane mwenzake mmoja akapita.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, siku ya kufunga ngitili, nilikwenda na mume wangu. Watu walikuwa wamepanda uzio wa manyara kuzunguka mpaka wote, vijiti vya kijani vimesimama kama watoto wa shule mstarini. Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi akamwendea mayu, akamwomba kwa heshima aachiwe kijinjia kidogo tu, cha ndama wake wawili.

"Ndama wako wana miguu?" mayu akamwuliza.

"Wana miguu, mayu."

"Basi wazunguke."

Tulicheka mpaka mzee mwenyewe akacheka. Kisha mayu akaburuta tawi la mgunga lenye miiba, akaliweka kwenye mlango wa ngitili, akaligandamiza kwa mguu mara mbili kuhakikisha limekaa, na wanawake wakapiga vigelegele.